Mama Alipobonyeza Kitufe Chekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kericho. Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa tisa alasiri.

Naitwa Marcella Atuti. Nina miaka thelathini na sita. Nauza mitumba sokoni Roret, na naishi hapo hapo Roret na mume wangu Duke Mochama, ambaye ni fundi wa mitambo katika maabara ya akili na ubongo ya chuo kikuu hapa Kericho. Naeleza kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa, na sijalazimishwa na mtu. Nikiongea mbio afande aniambie nipunguze, maana leo nina furaha na mdomo haushikiki.

Mama yangu ni Yunia Atuti, mjane. Ana shamba la majani chai nje kidogo ya Roret, ambalo yeye na marehemu baba walinunua walipohama kutoka Kisii. Mwezi wa kwanza mwaka huu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na maneno yakaisha. Ukimsalimia anakutazama tu.

Marehemu baba ana mdogo wake, Ombui. Mama hajatoka hospitali, Ombui tayari ameingiza wachumaji shambani, na majani yanapimwa kwenye kituo cha kununulia chai kwa nambari yake yeye, ili malipo yaende kwake. Nilipomuuliza, alisema mama sasa ni kibuyu kitupu na shamba haliwezi kukaa bila mwenyewe. Nilimjibu maneno ambayo afande amekataa kuyaandika.

Wazee wa ukoo walikutana. Mzee Clifford, msemaji wetu, aliamua mama apimwe pale maabara, kwa sababu kule wanaweza kujua kama mtu anaelewa hata kama mdomo hausemi. Akionekana haelewi, Ombui atashika shamba. Akionekana anaelewa, Ombui atoe mguu wake. Sote tulikubali, hata Ombui.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, tulimpeleka. Pale mtu huvalishwa kofia ya nyaya, anasikilizishwa maneno, na kompyuta inachora vile ubongo unaitikia. Halafu anaulizwa maswali, anabonyeza kitufe cha kijani kwa ndiyo au chekundu kwa hapana. Duke alisema atamvalisha yeye mwenyewe, mama asije akashikwa ovyo na wageni. Nilimuuliza kama hiyo inafaa. Akasema kazini hakuna mkwe.

Basi akampaka mama yale mafuta mazito ya kunasisha nyaya, akamgeuza kichwa huku na huku, akamwekea kofia. Mama alifumba macho, akavuta leso usoni, akakaza shingo. Hakubonyeza kitu. Kwenye kompyuta mistari ilikuwa vurugu tupu. Daktari Chelimo, mkubwa wa maabara, alikuwa chumba cha pili akiangalia kwa kioo. Alituambia kwa upole kwamba hajaona dalili ya kuelewa. Ombui alitoka nje kupiga simu, na nilimsikia akimwita mtu wa kupima mashamba. Mimi nilienda chooni nikalia.

Tukiwa tunaondoka, Daktari Chelimo aliniuliza kitu kimoja. Yeye ni Mkipsigis wa Sosiot, hajui mambo yetu. Aliuliza kwa nini mama anajifunika uso kila Duke akiingia, na Duke akitoka anajifunua. Nilimtazama yule mama daktari, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikamwambia huyo Duke ni mume wangu, na sisi Wakisii tuna ensoni, ile aibu ya heshima: mama na mume wa binti yake hawasalimiani hata kwa mkono, sembuse kushikana kichwa. Tangu niolewe mama hajawahi kumpa Duke mkono. Na sisi watu wazima, wenye akili zetu timamu, tumemkalisha kwenye kiti akandwe utosi na mkwe wake mbele za watu.

Daktari hakucheka. Alisema, "Mtu aliyepoteza akili hakumbuki kuona aibu. Mrudishe wiki ijayo. Nitamvalisha mimi, na Duke asikanyage humu."

Leo asubuhi tulirudi. Duke alibaki nje kwenye maegesho, amenywea kweli. Daktari alimvalisha mama, na mama akatulia. Ikachezwa sauti yangu, niliyorekodi kwa Kikisii. Ikasema ng'ombe anakula nyasi, mistari ikaenda polepole. Ikasema ng'ombe anakula mawe, mistari ikaruka. Ikasema chai inachumwa majani mawili na kichipukizi, polepole. Ikasema chai inachumwa mizizi, ikaruka tena, na mama akasonya. Daktari alieleza kwamba ubongo unashtuka hivyo kwa sababu umeelewa. Ombui akasema hata kuku ana umeme kichwani. Nilimwambia mwenye macho haambiwi tazama.

Kisha Mzee Clifford akaomba aulize mwenyewe. Aliuliza kama shamba ni la mama. Mama akabonyeza kijani kwa mkono wa kushoto. Akauliza kama amempa Ombui. Swali halijaisha, chekundu. Nilipiga vigelegele humo ndani, na mlangoni wameandika watu wanyamaze. Sijuti.

Hapo ndipo Ombui aliruka. Alizing'oa nyaya kichwani kwa mama, akamshika mkono ule uliolala, akamvuta mpaka akaanguka chini na kiti chake. Alikuwa akisema mashine haiwezi kumrithisha mwanamke. Walinzi wawili walimkamata. Mimi nilikimbia kumwinua mama, lakini alinisukuma. Akiwa pale pale sakafuni aliinua mkono wa kushoto, akapapasa juu ya meza, akakipata kitufe chekundu. Akabonyeza. Akabonyeza tena na tena, kompyuta ikilia, huku amemkazia Ombui macho.

Mzee Clifford alisimama wima. Akasema, "Yunia, tumekusikia."

Mama ana michubuko begani na daktari wa hospitali ameiona. Shamba ni lake, na kesho wachumaji wataingia kwa nambari yake. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimesomewa nikayakubali, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: M. Atuti

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Johana Kipkurui, na kumsomea shahidi. Ombui Atuti yuko rumande. Mlalamikaji, Yunia Atuti, yupo mbele yangu. Nilimuuliza kama anataka kesi iendelee; aliitikia kwa kichwa. Nilimweleza kwamba binti yake anaweza kutia sahihi kwa niaba yake. Mlalamikaji aliusogeza mkono wa binti yake kando, akachovya dole gumba la kushoto kwenye wino, akaliweka mwenyewe. Alama imetoka vizuri.