Pua ya Baba Kwenye Kijitabu cha Ruthu

Dada Emiliana, shikamoo.

Basi simu ikazima palepale nilipofika utamu, ndo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, shule niliishia la nne. Hamjambo huko Chemba? Mgongo wa shemeji vipi? Sisi wazima, vumbi tu la Dodoma linatumaliza.

Nilikuwa nakueleza vijitabu vya mwanao. Dada, ni takataka. Katuni mimi nazijua, zile za gazetini, mtu ana tumbo, anateleza, unacheka, kisha unafungia maandazi. Za Ruthu hata andazi hazifungii, ni ndogo kama kiganja. Anachora kwa peni, anatoa kopi stesheneri ya jirani na chuo, anakunja, anapiga pini, keshakuwa mwenye kitabu. Kurasa mbili nzima mwanamke anasonga ugali, hasemi kitu. Nikamuuliza kichekesho kiko wapi, akasema Mama Mdogo, hakuna. Fundisho je, akasema nalo hakuna. Nikamwambia bora nisome gunia la sukari, lina maneno.

Na wasomaji wake uwaone. Vijana wa chuo wanakuja kibandani kwangu, chai moja saa nzima, wanafunua hako kakaratasi kama wanafunua Biblia. Kuna Denis mmoja, nywele kama kiota, akanieleza kwamba uzuri wa vijitabu hivyo ni kuwa havifanani na vingine. Nikamwambia hata mbuzi wa miguu mitatu hafanani na wenzake, na mnadani hatumpeleki. Rukia jirani yangu wa vitumbua alicheka mpaka akaunguza. Wiki ya pili namkuta Rukia huyohuyo ana kijitabu mkononi, analia, eti yule mwanamke wa ugali ni yeye siku aliyoachwa. Mjinga mwingine huyo.

Sasa hicho kilichokukasirisha, cha msiba wa baba. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Jumamosi mnakuja na wajomba, nivichome vyote kabla hamjafika, na Ruthu aache chuo arudi Chemba maana kamdhalilisha babu yake. Nimekiona. Pua ya baba kaichora kama mpini wa jembe. Filipo, yule mtani wetu Mnyamwezi, naye yumo, kavaa koti la baba, anatembea kwa ubavu wa nyayo kama baba, kasimama mbele ya kaburi, hataki mwili ushuke mpaka apewe kuku. Mchoro mbovu kabisa. Lakini dada, siku ile nani alicheka mpaka kitenge alichombebea Ruthu kikafunguka mbele ya mchungaji? Si wewe? Mtani akifanya ni heshima ya marehemu, mjukuu akichora ni matusi?

Ila nimekuzungusha sana, ngoja niseme. Huyo Ruthu alikuwa mgongoni kwako, angejuaje habari za Filipo? Mimi ndo nilimsimulia, na pua na masikio nikamwambia yale tuliyokuwa tukiyasema nyumbani. Nilivaa hata koti la mume wangu nikatembea kama Filipo mbele yake hapa sebuleni, naye anachora. Na sijachoma hata kimoja. Viko mezani kwangu kibandani, navigawa kwa mkono wangu huu.

Dada, picha ya baba mchwa waliila yote, wajua hatuna nyingine. Miaka hii sura yake ilikuwa imenitoka. Nikifumba macho naona koti tu, halina mtu. Nikaona aibu kumwambia yeyote, hata wewe. Siku nilipofunua ukurasa wa nne, ile pua mbaya ikanitazama, nikajikuta nimesema shikamoo baba, wateja wote wanasikia.

Kwa hiyo Jumamosi mkija kuchoma, anzeni na mimi. Kimoja nimekutilia humu kwenye bahasha. Ni kibovu, nakwambia mapema, lakini angalia masikio. Masikio kayapatia.

Msalimie shemeji, na mwambie huo mgongo aukande na maji ya... Ruthu huyo ananiita huko uani, peni mkononi, eti nije upesi nimwoneshe baba alivyokuwa anakaa akinyolewa. Naenda,

Mdogo wako,
Penina