Kipande cha Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Vita! Karakana yetu ya utepe imepata mashine ya kukata, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye aliyeiandikia programu. Inavuta utepe mita moja, inakata vipande vya mita 0.1, vilivyotimia vinaingia sandukuni, mabaki kapuni. Leo nimehesabu: tisa sandukuni, kimoja kapuni. Kila mara! Nikamwambia mkwe mashine yake haijui kugawanya. Akacheka. Eti baba, rudi kwenye makala zako za kuwashambulia watu gazetini, hesabu tuachie sisi. Sisi! Mimi niliyemnyamazisha profesa redioni!

Jumanne, 4 Machi
Raha iliyoje! Mkwe alipokwenda kunywa chai, nikakalia kiti chake. Nikaiuliza kompyuta: moja kugawanya kwa 0.1, baki ngapi? Mtoto yeyote wa shule atakwambia sifuri. Yenyewe: 0.09999999999999995! Jibu hilo nimelichapa kwa herufi kubwa, nimelibandika mlangoni mwa choo. Mke wangu kaniuliza kama sioni haya, mtu mzima. Sioni.

Alhamisi, 6 Machi
Mkwe hacheki tena. Kesho mpambaji wa kumbi anakuja kuiona mashine. Akiridhika, oda ya mwaka mzima ni yetu. Asiporidhika, mke wangu, mshika fedha wa karakana, atawaachisha kazi washonaji wetu wawili.

Mkwe amenieleza kosa la mashine polepole, kama anayemnywesha mgonjwa dawa. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili. Sehemu ya kumi haiandikiki humo ikakamilika, kama theluthi yetu isivyoisha: 0.333, twende tu. Kwa hiyo 0.1 ya mashine imezidi kwa unywele. Kumi hazienei kwenye mita moja. Zinaenea tisa, na kipande kizima kinaitwa takataka!

Dawa? Kuhesabu kwa sentimita, kasema. Mia kwa kumi, namba nzima, baki sifuri.

Basi fanya, mwanangu!

Akanitazama. Na nani kapiga marufuku sentimita humu ndani, baba?

Mimi. Mita ndiyo kipimo cha watu wenye akili. Sentimita ni uoga. Nimeyaandika hayo gazetini, nimeyashinda mabishano yote, na sifuti hata nukta! Kompyuta ndiyo ijirekebishe.

Ijumaa, 7 Machi
Mpambaji yupo hapa, kawahi. Najifanya naandika mambo ya kitaalamu. Mkwe ana programu mbili, ya mita na ya sentimita, na kidole kitufeni. Kamwambia mgeni kwamba mkuu wa vipimo ni baba, yeye anasubiri amri tu. Adabu yenye kucha!

Mgeni kanigeukia: haya mzee, tuwashe ipi?

Washonaji wote wawili wamesimamisha cherehani. Mke wangu kakohoa. Nimewaeleza kwamba kifalsafa swali lenyewe halijakaa sawa. Mke wangu kakohoa tena.

Nimefungua mdomo. Nimesema "senti" — nimefika hapo. Mke wangu anasema malizia, baba watoto, malizia —