Mpwa Wangu Aliweka Onyo, Nikalipita

Mpendwa mshauri, nakuja kwako nikichechemea, maana mguu wangu bado una bandeji na moyo nao hauko sawa, na jambo lenyewe ni geni kiasi kwamba nikiwaeleza wenzangu kazini watanicheka hadi wachoke.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilianguka kwenye ngazi nikifunga kiyoyozi katika ofisi moja ya bima, nikavunjika mguu, nikabaki nyumbani nikitazama dari na ile tamthilia ya hospitali, ya daktari wa zamu na dereva wa gari la wagonjwa ambao wanapendana lakini hakuna anayesema. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea uuguzi na ndiye aliyekuwa akija kunibadilishia bandeji. Aliposikia nalalamika kwamba msimu umeisha bila wale wawili kuambiana neno, akachukua simu yangu akanifungulia ukurasa ambako mashabiki huandika hadithi zao wenyewe juu ya wahusika walewale, akasema haya mjomba, humu wameshaoana mara nyingi.

Mshauri, nilizama mzima mzima. Kila hadithi ina vibandiko vya maneno juu yake, nami sikuelewa hata kimoja. Nilisoma moja iliyoandikwa "ulimwengu mwingine", nikashangaa daktari anauza mikate na wala hajui kupima presha, nikataka kumsahihisha mwandishi. Nyingine iliandikwa "moto mdogo", nikadhani ni mapishi, kumbe sura nzima nzima zinapita watu wanatazamana tu. Mpwa wangu alikuwa akicheka, akisema nitazoea, ila nisiyapite yale maneno ya juu. Nikayapita.

Siku moja nikafungua hadithi ya mwandishi anayejiita Sindano Butu. Juu iliandikwa "onyo: kifo cha mhusika mkuu, ugonjwa wa muda mrefu". Nikaona ni mbwembwe za kuvutia watu, nikaendelea. Daktari akaugua. Akawa amelala, miguu imekuwa baridi, anaomba asuguliwe, anaomba redio ipunguzwe lakini isizimwe. Mshauri, mke wangu alifariki hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, katika chumba ambacho mimi nilikuwa nikitoka nje kila mara kwa kuwa sikuweza kutazama. Niliona kama mtu amechungulia nyumbani kwangu. Nikaandika pale chini, mbele ya wasomaji wote: "Wewe mwandishi huna moyo. Umewahi kufiwa wewe?"

Kesho yake hadithi ilikuwa imeondolewa, yamebaki maneno ya wasomaji tu, yangu yakiwemo. Mpwa wangu akaja, akanifunga bandeji, akanawa mikono, akasimama mlangoni.

"Sindano Butu ni mimi, mjomba," akasema.

Tangu hapo anamtuma mwanafunzi mwenzake, na simu zangu hapokei. Huyu ni mtoto aliyelelewa na mke wangu, maana dada yangu alikuwa akifanya kazi mbali. Naomba unieleze, hayo maonyo ni ya nini hasa, kwa nini mtu ataje mwisho wa hadithi kabla haijaanza, na nani amemkosea mwenzake hapa, maana mimi niliumia kweli.

Fundi aliyelazwa na ngazi

*

Fundi, pole kwa mguu na pole zaidi kwa mkeo. Sasa kaa vizuri, maana kuna na kukemewa.

Nilipoisoma barua yako nami nilikuwa mgeni wa mambo haya, nikaenda kuuliza kwa wanaoyajua. Nimerudi nikiwa nimekaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa hiyo sikucheki. "Ulimwengu mwingine" maana yake mwandishi amewachukua wahusika akawapa maisha tofauti kabisa, kwa hiyo mwache daktari auze mikate yake. "Moto mdogo" ni mapenzi yanayochelewa kwa makusudi. Ukikuta "uchungu na faraja", mtu ataumizwa kisha atabembelezwa. Na ukikuta "mwandishi hakuweka maonyo", usidhani hadithi ni salama. Maana yake ni kwamba lolote laweza kutokea, na umeingia kwa hiari yako.

Onyo lenyewe ndilo ulilolidharau. Wewe ukikuta alama ya fuvu kwenye kisanduku cha umeme, husemi ni mbwembwe. Onyo la hadithi halimfukuzi msomaji, linamwambia kilichomo ili aamue kama leo anaweza au angoje siku nyingine. Wala halimwibii utamu. Wasomaji hawa wanawajua wahusika kama majirani zao. Hawaji kujua nini kitatokea, wanakuja kuona kitatokeaje.

Unauliza nani kamkosea mwenzake. Uliumia, hilo silipingi. Lakini mpwa wako alikuonya kwa mdomo, akakuonya kwa maandishi, ukapita kote kuwili, kisha ukamtukana mbele ya watu. Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Unasema ulikuwa ukitoka nje ya chumba kile. Basi nani alibaki ndani akisugua miguu? Nani aliambiwa apunguze redio? Hakuna aliyechungulia nyumbani kwako, fundi. Aliyeandika alikuwamo. Ulimwuliza kama amewahi kufiwa, na aliyefariki ndiye aliyemlea.

Nadhani, na ninadhani tu, kwamba amebeba siku zile peke yake kwa sababu kila akikutazama anaona mtu asiyeweza kuzizungumza. Akawapa watu wa tamthilia wazibebe.

Sasa fanya hivi. Futa yale maneno yako leo, na mahali pake andika kwamba ulikosea, kwa sababu uliposemea ndipo pa kuombea radhi. Acha kupiga simu. Mwombe dada yako akupeleke anapoishi binti, mguu ukiwa na bandeji vilevile. Ukifika usianze na habari ya maumivu yako, anayajua kukuzidi. Mwombe arudishe hadithi yake, akitaka. Usimwahidi kwamba utaisoma, maana huenda bado huwezi, na hilo si aibu.

Kisha mwambie akusimulie ilivyokuwa siku zile ulipokuwa nje. Na safari hii usitoke.