Matofali Chini ya Meza ya Venance

Tandika, Temeke

Somo yangu mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa tatu wa ndoa na bado natabasamu peke yangu jikoni. Venance akirudi kutoka gereji, hata harufu yake ya grisi naipenda. Mafuta ya nazi uliyonipa yameisha, maana namkanda mgongo kila jioni.

Mgongo ndio unaomtesa. Meza wanayofungulia injini ni fupi na mume wangu ni mrefu, kwa hiyo anashinda ameinama. Jumapili moja, gereji ikiwa tupu, tulikwenda wawili tukaweka matofali chini ya miguu ya meza mpaka ikamfika kiunoni. Siku tatu alirudi amenyooka, ananitania, "Mke wangu injinia." Somo, nilijiona malkia.

Siku ya nne fundi mkuu, ambaye meza sasa ilimfika kifuani, akamwambia mbele ya wenzake, "Meza haina kosa, braza. Urefu ni wako. Mafundi wa kimo cha meza hii wapo wengi."

Venance akayatoa matofali kwa mikono yake. Nilipomuuliza kwa nini hakubisha, akasema, "Jesca, nimeoa."

Wazazi wake hapo Masasi wakiuliza, waambie tuna furaha. Ni kweli tunayo. Ila leo asubuhi nimemvalisha soksi na kumfunga kamba za viatu, kwa sababu hawezi kuinama. Kisha akaenda kazini, kuinama mpaka jioni.

Mwali wako,
Jesca