Unga wa Boriki Kwenye Injini ya Pikapu

Jumapili, Masuguru, Korogwe. Manyunyu tangu asubuhi. Ndiyo kwanza tumerudi kutoka hospitali, viatu vyangu vimejaa matope, na moyo wangu haujatulia.

Tangu shamba la mkonge libinafsishwe na madereva wapunguzwe, mume wangu, Baba Zuhura, anategemea pikapu yetu kuukuu. Mwezi uliopita aliona dukani chupa ya dawa ya kuongeza kwenye oili. Siku hizi maduka yamejaa vitu vya kila nchi. Iliandikwa kuwa ina asidi ya boriki, inapunguza msuguano wa vyuma. Ilikuwa ghali. Lakini boriki aliijua: ule unga mweupe tunaowawekea mende, ambao vijana huunyunyiza kwenye ubao wa mchezo wa keram.

"Kama kete zinateleza, kwa nini vyuma visiteleze?" aliniuliza.

Kusema kweli, hoja yake ilinivutia. Akanunua unga, akaumimina kwenye oili ya injini. Muungurumo ukapungua, au masikio yetu yalitaka iwe hivyo.

Alhamisi tulimfuata mdogo wake, wifi yangu Mwanaidi, kule Kwamsisi. Uchungu ulikuwa umeanza, tukataka ajifungulie hospitali, huku Korogwe. Kabla hatujafika Kabuku taa ya oili ikawaka, injini ikaanza kugonga. Baba Zuhura akaizima.

"Wifi, mbona tumesimama?" Mwanaidi aliuliza, kucha zake zimenizama mkononi.

Nikamwambia gari linapumzika kidogo. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Baba Zuhura alisimama katikati ya barabara, mikono juu, mpaka lori la machungwa likasimama. Dereva akatubeba mpaka hospitali. Mtoto wa kike amezaliwa salama.

Fundi alipofungua injini alikuta unga umetuama chini kama uji ulioganda, umeziba njia ya oili. Ule wa chupa, alisema, husagwa laini mno na kuchanganywa kitaalamu ili usizame. Kwa hiyo wazo halikuwa la kijinga. Hilo ndilo linaloniumiza.

Leo hospitalini Mwanaidi alikuwa akituambia kuwa ni bahati mbaya tu, magari huharibika. Baba Zuhura angeweza kunyamaza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Si bahati mbaya, mdogo wangu. Niliweka unga kwenye injini, najaribu. Halafu nikakupakia wewe."

Mwanaidi alimfunika mtoto vizuri, akamgeukia.

"Siku nyingine, kaka, niambie kabla sijapanda."

Tulirudi kwa miguu, tunalowa. Tangu Alhamisi nilikuwa simsemeshi ila kwa lazima. Leo nimemshika mkono njia nzima.

Jirani yetu mwenye pikipiki alisikia sifa za ule unga, naye amekwisha kununua wake. Kesho asubuhi Baba Zuhura anakwenda kumweleza yaliyotokea, hata kama atachekwa na mtaa mzima.

Nitakwenda naye.