Nyumba Aliyonunua Bila Mimi

Jumanne, 4 Machi 2025

Vumilia kapatana bei ya nyumba. Ya Stanslaus, pale Ngokolo. Bila mimi! Nimesikia kwa fundi wa mageti, si kwake.

Miezi mitatu namzungusha, mimi dalali wake. Nyumba sita – Kambarage mbili, Ngokolo nne, kwa miguu, jua la saa saba. Hii vyumba vidogo, ile choo kiko nje. Sikulalamika. Kumbe mwenzangu anaongea na Stanslaus pembeni. Wanajuana toka machimbo ya Geita, yeye akiwapikia wachimbaji, yule akiwa na duara lake, shimo la kuchimba dhahabu. Tunafahamiana, dalali wa nini? Ndivyo alivyomwambia fundi.

Dalali wa nini!

Jumatano, 5 Machi

Majivu ya Kwaresima usoni, nyongo moyoni. Sikula mchana, wala si kwa kufunga.

Ijumaa, 14 Machi

Baada ya Njia ya Msalaba alinishika mkono nje ya kanisa. Shikamoo dada. Marahaba. Akaniomba radhi, macho chini. Ati asilimia zangu zingemshinda, na Stanslaus kampunguzia bei kwa kuwa ni mtu wake. Halafu akasema, maskini, mkewe alifariki, watoto wako shule, ndiyo maana anauza haraka. Jumatatu wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mkewe alifariki!

Elieth mkewe yuko Chato, mzima kabisa, anauza dagaa. Mwaka juzi nilimletea Stanslaus mteja, tukampigia Elieth aje atie saini. Akakataa katakata. Nyumba tumejenga wote, alisema, matofali nimefyatua mwenyewe nikiwa na mimba. Nikamrudisha mteja. Namba ya Elieth ninayo mpaka leo.

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Hongera, mdogo wangu."

Basi. Akanikumbatia.

Jumapili, 16 Machi

Bado siku moja. Simu nimeishika mara mbili, nikaiweka. Mbona yeye hakunipigia? Si wanafahamiana – haya, wafahamiane.

Nimefua mashuka yote ya nyumba hii, hata yaliyo safi.

Jumatatu, 17 Machi

Wameandikishana. Kalipa yote kwa mkupuo. Miaka tisa ya kusimama kwenye moshi.

Jumamosi, 29 Machi

Kahamia. Jumuiya tumesali kwake, katekista kanyunyiza maji ya baraka chumba hadi chumba. Vumilia analia kwa furaha, anapapasa kuta kama anapapasa ng'ombe. Sahani ya kwanza ya wali kaniletea mimi. Nimekula. Nimemaliza!

Jumatano, 2 Aprili

Elieth kashuka na basi la Chato. Kuna mtu kamwambia nyumba imeuzwa. Si mimi.

Martina, jirani yao, alikuwepo, kanisimulia. Vumilia alikuwa anapaka rangi sebuleni. Elieth hakupiga kelele. Aliweka begi chini, akauliza, "Mayu, mama, wewe ni nani hapa?"

Vumilia akajitambulisha, akasema kanunua. Akamkaribisha kiti. Akauliza kwa upole kama mgeni ni ndugu wa marehemu.

"Marehemu ni mimi," Elieth akajibu.

Martina anasema brashi ilimdondoka Vumilia, rangi ikatapakaa sakafuni, wala hakuna aliyeifuta. Stanslaus simu haipatikani. Elieth kalala humohumo, chumba cha pili. Anakwenda baraza la ardhi kuuvunja huo mkataba, na sheria iko upande wake. Najua. Ndiyo kazi yangu kujua.

Alhamisi, 3 Aprili

Vumilia yuko mlangoni kwangu. Hodi ya tatu hii. Sijaitika.

Nitasema nilisahau. Wateja ni wengi, nani atakumbuka simu ya mwaka juzi? Nitasema nilidhani walishaachana. Nitasema –

"Dada, naona viatu vyako."

Hana hasira. Bora angekuwa nayo! Anaongea kupitia dirisha, pazia tu kati yetu. Anataka nimsindikize kwa mwanasheria, nimsemee, mimi ndiye ninayezijua hizi kazi. Anasema asilimia zangu atanilipa, hata kama nyumba itaondoka.

Anapenga kamasi.

"Yule Elieth anakusingizia, dada. Ati wewe ulijua toka mwaka juzi kwamba hataki kuuza. Nimemkatalia mbele ya Martina. Nimemwambia, dada yangu Bernadina angejua, angeniambia."

Kitasa kinazunguka. Sikufunga kwa ufunguo.