Kitabu cha Kijani na Kitabu cha Njano

Dirisha la Tiketi,
Ukumbi wa Manispaa,
Jumatatu, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Kaka Miguu,

Shikamoo kwanza, kabla haya yaliyonijaa kifuani hayajanisahaulisha adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Lile goti lako linalouma kwenye baridi umelipeleka kwa daktari, au bado unalidanganya kwa mafuta ya kuchua? Wanao nao natumaini wazima, na hawajarithi kichwa chako kigumu.

Mimi kwa mwili sina neno. Kwa mengine, Kaka, maji yamenifika shingoni, ndiyo maana unapata barua katikati ya mwaka badala ya mwisho wake kama tulivyozoea.

Baba yu hai. Nakwambia mapema ili usiruke mistari ukitafuta habari za msiba. Yu hai, lakini haongei, hali kitu cha maana, na kosa ni langu. Keti nikueleze.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba kikundi cha dansi cha ukumbi wetu kinatafuta mchezo mpya wa kuchekesha. Sikukwambia kwamba mwandishi ni mimi, muuza tiketi mwenye vidole vya wino. Wala sikukwambia kwamba nimeandika juu yako. Niliogopa ungekataa.

Mchezo unaitwa "Kushoto, Kulia". Ni ukumbi wa dansi wa enzi zile, weusi upande huu, weupe upande ule, na kamba katikati. Mbwembwe zimejaa mpaka zinamwagika: mawigi makubwa kama mizinga ya nyuki, wanaume wenye ndevu ndani ya magauni ya kumetameta, na mpiga ngoma anayetumbukia ndani ya ngoma yake mwenyewe. Mwishoni kamba inakatika, wote wanacheza pamoja, pazia linashuka.

Na yumo mkata tiketi. Anaigizwa na mwalimu mmoja wa hesabu, na wigi lake ndilo kubwa kuliko yote. Kijana mweusi na msichana mweupe wanafika dirishani wameshikana mikono, wanataka tiketi mbili. Anawachania moja ya kushoto na moja ya kulia. Wanaingia, wanapoteana, wanatokea kwenye mlango usio wao, anawachania tena, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka miguu yake mwenyewe inaanza kucheza. Hapo ndipo watu huvunjika mbavu.

Wewe hukucheka siku ile. Hatujawahi kuisema mimi na wewe, kwa hiyo niache niiseme leo. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza ya Baba, hapa hapa dirishani, nikichezea vishina vya tiketi. Niliona mkono wako na mkono wa Wifi ikiingia pamoja kwenye lile tundu la dirisha. Baba akachana moja ya kijani na moja ya njano. Ukasema, "Baba, ni mimi." Akasema, "Foleni ndefu, sogea." Ukaziacha zote mbili pale mezani, ukaondoka na Wifi, na miaka thelathini na moja sasa sijakuona ila kwa picha.

Utaniuliza kwa nini nimeifanya kichekesho. Nilidhani kitu ukikicheka kinapungua. Nilichoka kukibeba kikiwa kikubwa vile.

Sasa sikia kuhusu makopo. Hapa kila mlango una kopo tupu la biskuti, na watazamaji wakitoka huandika maoni yao kwenye karatasi na kuyatumbukiza humo. Meneja huyasoma, ndipo anaamua mchezo uendelee au ushushwe. Baada ya maonyesho mawili ya kwanza tulimwaga makopo mezani tukasoma.

La mlango wa kulia lilikuwa harusi. "Nimecheka mpaka meno ya bandia yakanitoka." "Lile wigi la mkata tiketi lipewe mshahara." "Tumetoka mbali, sasa tunacheka pamoja." Nikavimba kichwa, sikufichi.

La kushoto, Kaka, lilinikata maini. "Miguu mizuri, wimbo mzuri, uongo mtupu." "Shangazi yangu alisukumwa kwenye mlango huo huo na hakuna aliyepiga ngoma." "Mbona mnacheka pale tulipolia?" Mmoja aliandika kwa herufi ndogo: "Nimecheka, halafu nikaona haya." Na mtoto wa shule, nadhani, aliuliza tu kama mambo haya yalitokea kweli.

Meneja akakuna kidevu. "Mbona wa kushoto wamenuna na wa kulia wamefurahi?" Nikasema sijui. Akafikiri kidogo, akatoa dawa yake: "Basi tuliondoe kopo la kushoto." Wallahi, hakutania; nilimsihi mpaka akaliacha.

Sheria ile ya kutenganisha weusi na weupe ilifutwa zamani, unajua. Siku hizi mtu aingie mlango autakao, akae anapotaka. Kwa hiyo nami nikabaki najiuliza kushoto kuna nini, labda viti vimevunjika, labda joto. Jumamosi iliyofuata, mapumziko yalipofika na taa zikawashwa, nikapanda roshani kuangalia viti.

Viti vilikuwa vizima. Walioketi ndio walionimaliza. Kushoto weusi, kulia weupe, na ile njia ya katikati tupu, kama vile kamba ya mchezo wangu imeshuka jukwaani ikajinyoosha mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyewapanga. Hakuna mwingine anayeuza tiketi hapa.

Unakumbuka vile vitabu viwili vya tiketi vinavyoning'inia kwenye misumari, kijani mkono wa kushoto, njano mkono wa kulia? Bado vipo. Baba aliponifundisha kazi aliniambia, "Usitazame uso, utachelewa. Tazama mkono." Nami nikatazama mkono. Miaka kumi na tisa, mkono ukiingia tunduni mkono wangu unajua wenyewe uende msumari gani. Naapa sikuwahi kulifikiria hilo. Nilidhani nagawa tu watu ili mlango mmoja usizidiwe. Nimeandika mchezo mzima wa kumcheka mkata tiketi, na huku nimekalia kiti chake, nachana vilevile. Nyani haoni kundule, Kaka, na mimi nilikuwa nauza tiketi za kuja kumtazama nyani.

Kumbe siku hiyo hiyo Baba alikuwa ndani. Jirani yetu fundi viatu alimleta bila kuniambia, eti kunifurahisha. Alikaa kushoto, kwa tiketi niliyomchania mimi bila hata kumjua, maana nilitazama mkono. Mkono wa baba yangu mzazi.

Watu walipotoka nilimwaga kopo la kushoto peke yangu. Karatasi ya tatu ilikuwa na ule mwandiko wake wa kulala, aliokuwa akiandikia namba za viti. Nakunakilia yote: "Mkata tiketi hakuwa na wigi. Wala hakuchanganyikiwa. Alimwona mwanawe. Alijua."

Nilikaa sakafuni. Kwa miaka yote hii nimekutetea wewe kwake na kumtetea yeye kwa wengine, nikimwambia kila mtu kwamba Baba aliogopa kufukuzwa kazi, kwamba alikuwa na foleni, kwamba hakuona vizuri. Yeye hajawahi kujitetea, na sasa amejihukumu kwenye kipande cha karatasi ndani ya kopo la biskuti, mbele ya mchezo niliouandika mimi ili watu wacheke.

Leo ni siku ya tisa. Asubuhi anavaa viatu, anafunga kamba vizuri, anakaa kitandani mpaka jioni, kisha anavivua. Nikimwekea chakula anakula vijiko viwili, ili nisiseme. Nilimwomba anitukane, hata hilo hakufanya. Kaka, naogopa. Naogopa atakwenda hivi hivi na viatu miguuni, na mimi ndiye niliyekitonesha kidonda.

Jumamosi iliyopita nilijaribu kurekebisha kazi angalau. Nilifumba macho, nikachana kitabu chochote kilichonijia. Kasheshe yake! Watu wanane walirudi dirishani, weusi na weupe, kila mmoja na maneno yaleyale: "Dada umekosea, sisi hukaa kule." Nikawaambia tiketi ni tiketi. Mwalimu wa hesabu alitokea jukwaani bila wigi, nilimlazimisha, na fundi wa mawigi hajanisemesha tangu hapo. Ukumbi ulicheka kidogo tu. Makopo yote mawili yalikuwa na karatasi chache, na moja siisahau: "Nilikuwa nacheka, na mtu wa kiti cha pili alikuwa analia. Sikujua nifanye nini, nikampa leso."

Meneja anasema mchezo umepoa, na ataushusha baada ya onyesho la tarehe 28, Jumamosi, saa kumi alasiri. Aushushe. Silii mchezo.

Nalia Baba. Juzi alisema sentensi moja, ya pekee tangu siku ile. Nilikuwa nafagia, akaniuliza, "Akija, nani atamchania tiketi?" Hakusema nani. Nikatoka nje na ufagio mkononi.

Sikuombi umsamehe. Hilo ni lako na Wifi, na mimi niliyeliuza hadharani bila ruhusa yenu sina mdomo wa kuomba lolote kubwa. Nisamehe na mimi ukiweza. Nakuomba uje. Ukishindwa kuja, mwandikie mstari mmoja, hata wa hasira, apate kitu cha kujibu. Fanya haraka, ndugu yangu, kwa sababu mimi nimeishiwa.

Nisalimie sana Wifi, mwambie mkono wake nautambua mpaka leo, una pete ya shanga. Wasalimie wanao, mmoja mmoja. Fundi viatu anakusalimu na anajutia wema wake. Shangazi anauliza kama bado unatembea kwa kurukaruka. Mungu akulainishie goti na njia, akufikishe popote moyo utakapokuelekeza.

Ni mimi nikupendaye, uliyekuwa ukinibeba mabegani nikaone jukwaa,

mdogo wako,
Kiroboto.

Nyongeza: Ndani ya bahasha mna tiketi mbili za tarehe 28, viti namba 14 na 15, vimepakana, mlango mmoja. Usishangae kingo zake kuchanika vibaya. Jana nilimpelekea Baba vitabu vyote viwili kitandani. Alivishika muda mrefu, akauliza achane kipi. Nikamwambia chochote, Baba, mradi kiwe kimoja. Mikono yake inatetemeka siku hizi.